Muulize Shangazi: Aliyekusifia Ndiye Anayekusumbua

Shangazi, shikamoo. Mimi ni binti wa miaka 27, naishi Nyegezi, nafanya kazi maabara ya kiwanda cha samaki. Mwaka 2021 nikiwa field, yaani mafunzo kwa vitendo, nilisimamiwa na mzee mmoja wa ofisi nyingine, mtu anayeheshimika, mpaka leo namwita anko. Nilipofungua ukurasa wangu LinkedIn, ule mtandao wa mambo ya kazi, aliniandikia pendekezo zuri sana, na naamini lilinisaidia kupata hii kazi. Sasa tangu mwezi wa tatu amebadilika. Alianza na "umependeza na hilo koti jeupe, binti yangu." Akaja na kuuliza kama nina mchumba. Halafu: "Nipo Mwanza wikiendi, nimechukua chumba Capripoint, njoo tuongelee maendeleo yako." Nikinyamaza anatuma alama za kuuliza, mara moja zilikuwa tano, saa sita usiku. Wiki iliyopita aliandika maneno chini ya picha yetu ya kazini, bosi akaniuliza, "Huyu ni baba yako mdogo?" Nilitamani ardhi ipasuke. Nataka kumpiga bloku ila naogopa. Atajua? Pendekezo lake litakuwaje? Na yeye na bosi wanafahamiana. Wenzangu wanasema nivumilie, ni mtu mzima. — Mwenye koti jeupe, Nyegezi

Marahaba mwanangu, na pole. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nilikwama kwenye zile alama tano za saa sita usiku. Huko ni kugonga mlango.

Niondoe kwanza hofu nyepesi. Hapana, hataambiwa. LinkedIn haimtumii taarifa mtu aliyepigwa bloku. Siku akikutafuta atakuta haupo, basi. Mwenye akili atakisia, mwenye majivuno atadhani umefunga ukurasa, na kazi hiyo ya kukisia mwachie mwenyewe.

Ngoja nikuambie sisi tulivyokuwa tunapiga bloku. Nimekaa miaka 19 kwenye kiwanda kimoja cha minofu hapa Mwanza, nikianzia mapokezi nikaishia utumishi. Mapokezi kulikuwa na simu ya mezani, rangi ya krimu, waya wake umejikunja kama utumbo wa mbuzi. Kulikuwa na bwana mmoja aliyekuwa akituletea vipuri vya majokofu, akapata mazoea ya kupiga kila siku saa kumi jioni kuniuliza nimekula nini. Nilikuwa na miaka 24 na sikujua namna ya kumwambia mteja aache. Mlinzi wetu, mzee wa Kikerewe, akanionea huruma. Siku hiyo simu ilipolia akainyakua yeye: "Huyo dada amehamia Musoma." Basi, kwa miezi minane niliishi Musoma. Kila lile gari la vipuri likiingia getini mimi nilikuwa natambaa nyuma ya meza na karatasi zangu, mpaka siku alipochungulia dirishani akanikuta nimechuchumaa, nimeshika stepla. Aliyeona aibu ni nani? Mimi! Yeye alicheka.

Kwa hiyo nikisikia vijana mnasema kumpiga mtu bloku ni utovu wa adabu, nacheka na mimi. Mngejua tulivyochuchumaa.

Sasa turudi kwako, maana kitufe chenyewe ni cha sekunde kumi ila kina gharama, na gharama hiyo uijue kabla hujakibonyeza.

Ukimpiga bloku, pendekezo lake kwako linaondoka. Zile alama alizokuthibitishia ujuzi nazo zinaondoka. Na ukija kumfungulia baadaye, havirudi vyenyewe. Usidhani utaokoa kitu kwa njia ya upole, ile ya kumwondoa tu kwenye orodha ya watu wako bila kumfungia: pendekezo litaondoka vilevile, na yeye atabaki na uwezo wa kukuona na kukuomba tena urafiki. Mimi naona hapo unalipa bei ile ile unapewa nusu kilo.

Je, pendekezo lile lina thamani gani leo? Nimekaa kwenye meza ya usaili miaka mingi. Tulichokuwa tunasoma ni CV, vyeti, na wale wadhamini watatu walioandikwa mwisho wa CV pamoja na namba zao za simu. Hapo ndipo ninapotaka uangalie leo leo, kabla ya yote. Yule mzee yumo kwenye wadhamini wako? Naweka shilingi yangu kwamba yumo, na yumo wa kwanza. Mtoe. Umpige bloku Jumatatu halafu Alhamisi mwajiri mpya ampigie simu kuuliza tabia yako? Nenda kwa mkuu wako wa maabara wa sasa, au mwalimu wako wa chuo, umwombe akubali kuwa mdhamini, na huyo huyo umwombe akuandikie pendekezo jipya LinkedIn. La mtu anayekuona kila siku ukipima sampuli lina uzito kuliko la mtu wa field ya 2021.

La pili kabla ya kubonyeza ni meseji zake. Zipige picha za skrini zote, kuanzia ile ya koti mpaka ile ya chumba, jina lake na tarehe vikionekana. Zitume kwenye barua pepe yako mwenyewe, zisibaki kwenye simu tu. Simu za Mwanza zinaanguka ziwani na zinaibwa Buzuruga stendi.

Na kama unaogopa ataona umeingia kwenye ukurasa wake, nenda kwanza kwenye mipangilio, sehemu ya mwonekano, uchague kutazama kurasa za watu kwa siri. Kisha fungua ukurasa wake. Karibu na jina lake kuna nukta tatu. Zibonyeze, utaona sehemu ya kuripoti na kubloku. Ripoti kwanza, na hilo nalo hataambiwa nani kafanya. Halafu bloku. Baada ya hapo hamwoni kurasa zenu, hamwandikiani, na mtandao unaacha kuwapendekeza ninyi kwa ninyi. Usije ukamfungulia kwa kumwonea huruma usiku halafu asubuhi ujute, kwa sababu ukishamfungulia unatakiwa kusubiri saa 48 ndipo uweze kumfungia tena. Saa 48 kwa mtu wa alama tano ni nyingi.

Kuna matundu mawili ya kuziba. Moja, bloku inamzuia akiwa ameingia kwa jina lake. Akitoka, akakutafuta kwenye Google kama mtu baki, anaweza kuuona ule ukurasa wako wa hadharani. Kwenye mipangilio hiyo hiyo ya mwonekano unaweza kuupunguza au kuuzima. La pili linauma kidogo: picha za kazini zikiwekwa na ukurasa wa kampuni, bado anaweza kuandika chini yake. Wewe hutayaona maneno hayo, wenzako watayaona. Mwombe anayesimamia ukurasa huo ayafute.

Na hapo ndipo tunafika kwa bosi. Umekuwa ukimwogopa asije akasikia upande wa mzee, basi asikie wako kwanza. Sitaki uende na hotuba. Mkute akiwa peke yake, useme: "Bosi, yule aliyeandika chini ya picha yetu si ndugu yangu. Alinisimamia field. Amekuwa akinitumia meseji za usiku na kuniita chumbani, nimemfungia. Meseji ninazo." Kisha nyamaza. Bosi mwenye busara atauliza swali moja au mawili. Akicheka, akasema "wazee bwana," utakuwa umejua kitu kuhusu bosi, na nenda utumishi na zile picha.

Wengine watakushauri umwandikie mzee neno la mwisho la heshima kabla hujamfungia. Angekuwa ameishia kwenye koti, ningekubaliana nao, ungemwandikia "anko, naomba tubaki na mambo ya kazi." Lakini ameshataja chumba. Huna deni la kuaga. Na hilo "binti yangu" lisikulegeze. Baba wa kweli anayekuja Mwanza anakuja kwenu kula sato na ugali na mama yako akiwepo, hachukui chumba Capripoint.

Tena angalia namba yako ya simu. Kama uliiweka LinkedIn kwenye taarifa za mawasiliano, watu wote wa mtandao wako wanaweza kuiona, yeye akiwemo. Itoe. Atahamia WhatsApp, huko nako mfungie. Akihamia kwenye vitisho, kwamba atakuharibia kazi au atasambaza jambo, hapo ushauri wangu unakoma na polisi wanaanza. Nenda na picha zako Dawati la Jinsia na Watoto. Tunayo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na kifungu chake cha 23 kinahusu kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumtesa moyo. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Sikutajii ili uende ukamtishie nacho. Nakutajia ili wale wenzako wanaosema uvumilie wajue wanakuvumilisha nini.

*

Shangazi, habari za kazi. Nauza mabondo, vile vifuko vya hewa vya tumboni mwa sangara, hapa Mwaloni, Kirumba. Kijana wangu alinifungulia LinkedIn ili nipate wateja wa nje. Nimempata mmoja, kavaa suti, anasema yuko Hong Kong, anataka kilo 300 kila mwezi kwa bei karibu mara mbili ya hapa. Anachotaka kwanza ni dola 250 za usajili wa muuzaji. Kijana anasema nimpige bloku. Mimi naona nitapiga teke riziki. — Baba Mabondo

Kijana wako amekuzidi, Baba Mabondo, mnunulie soda.

Wewe unaijua hii biashara kuliko mimi. Mnunuzi wa mabondo akija pale Mwaloni anafanya nini? Analishika, analikunja kuona ukavu, analiinua juu kwenye mwanga, analitupa kwenye mzani. Bondo la sangara mkubwa na la sangara mdogo bei zake ni mbingu na ardhi. Sasa huyo wa suti, kwenye meseji zake zote, amewahi kukuuliza ukubwa? Amekuuliza gramu? Amekuuliza yamekauka kiasi gani, au kama una kibali cha kusafirisha nje? Kama hajauliza, hanunui mabondo. Ananunua dola 250.

Mripoti, kisha bloku, kwa mpangilio huo. Akianza kukupigia au kukutumia meseji kwa namba ya hapa nyumbani, itume hiyo namba kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli, ile ile tunayotumia kwa wale wa "ile pesa tuma kwenye namba hii." Na usimwandikie kwamba umemgundua. Wanaume mnapenda sana hilo, mtu anakaa jioni nzima anamtukana tapeli kwa Kiingereza cha kutafuta kwenye kamusi, na tapeli anazidi kujua kwamba namba iko hai na mwenyewe ana hasira.

*

Shangazi, niligombana na shemeji yangu kwenye kikao cha harusi, nikampiga bloku kila mahali, hadi LinkedIn. Tumepatana. Nimemfungulia lakini simwoni kwenye watu wangu, na yeye anadhani bado nimenuna. — Shemeji mtu, Igoma

Hujakosea kubonyeza. Kufungua bloku LinkedIn hakuwarudishi mlipokuwa, mmebaki watu baki wawili mnaoweza kuonana tu. Mtumie ombi upya, wewe, kwa kuwa wewe ndiye uliyefunga. Zile sifa za ujuzi alizokupa zamani zimekwenda, na kuziomba tena sasa hivi ni kumchokoza.

Ila ombi la LinkedIn linaweza kukaa wiki tatu mtu hajalifungua. Mpigie simu umwambie umemtumia. Au kama kweli mmepatana, Jumapili pita Igoma sokoni, nunua sato wawili wakubwa, uende nao kwake. Ukifika mwombe simu yake, ukubali ombi mwenyewe wakati mke wake anaparua samaki.