Re: Fainali ya Gor Mahia na Ingwe (AFC Leopards), naeza enda na mtoto?

Niaje boss, umeuliza kama unaeza peleka kijana wa miaka saba uwanja wa Nyayo na mkae wapi. Mpeleke. Kwanza cheki nguo, kijani ni K'Ogalo, yaani Gor, buluu na nyeupe ni Ingwe, so vaeni rangi ingine kabisa kama hamjui mtakaa na nani. Mimi na wangu hukata tiketi ya VIP, bei inauma lakini kuna kivuli na watu wametulia. Fainali haina marudiano, 2013 AFC walichukua kombe mbele ya Gor kwa bao moja tu, so joto huwa juu hadi mwisho. Ingieni mapema, msukumano wa geti ndio mbaya kuliko mechi yenyewe, mbebe mabegani. Filimbi ikilia msikimbilie barabarani, ngojeni watu wapungue.