Dawa ya upele imejitenga chupani, nitikise au nitupe?

SWALI: Shikamoo mfamasia. Mimi ni mama wa watoto watatu niko Tanga, wanangu walirudi na upele kutoka shule tukaandikiwa BBE, ile nyeupe ya kupaka. Ilibaki nusu chupa nikaiweka juu ya friji, jana naishika nakuta juu majimaji na chini kitu cheupe kizito. Baba watoto anasema imeharibika, jirani anasema tikisa tu. Nimsikilize nani?

JIBU: Marahaba mama. Jirani anaweza kuwa sahihi ila baba watoto naye hajaogopa bure, maana kuna kujitenga kwa aina mbili na ukiangalia harakaharaka zinafanana.

BBE ni mafuta ya benzili benzoeti, asilimia 25, yaliyosagwa kuwa vitone vidogo mno ndani ya maji, halafu kuna nta maalumu inayozuia vile vitone visishikane. We wa Tanga tui la nazi unalijua, habari ni hiyohiyo: ukiliacha kwenye bakuli zito linapanda juu, ukikoroga linarudi, lakini likichemka hujakoroga linakatika, mafuta yanaelea kivyake na hapo koroga mpaka mwiko uvunjike. Sema mafuta ya BBE ni mazito kuliko maji, yenyewe yanazama, ndo maana weupe umeukuta chini.

Angalia kwanza tarehe ya mwisho, kama imepita hatuna mjadala. Kama bado, kaza kifuniko utikise kwa nguvu kama dakika moja, uiache mezani uitazame, kisha dondosha kidogo kwenye glasi ya maji. Ikisambaa kama maziwa haijakatika. Ukiona vitone vya mafuta vinang'aa vinashuka chini ya glasi, imekatika, irudishe duka la dawa wala usimpake mtoto, kwa sababu leo utampaka maji matupu aendelee kujikuna usiku kucha, na ukifika chini ya chupa unampaka mafuta makali yanamchoma.

Viwandani dawa za namna hii zinateswa makusudi kabla hazijaja kwetu. Wanazifungia kwenye joto la nyuzi 40 na unyevu wa asilimia 75 miezi 6, wanazigandisha na kuziyeyusha tena na tena, na kuna kipimo nakipenda sana, wanaizungusha kwenye mashine raundi 3750 kwa dakika, masaa 5, mkono wa mashine sentimita 10, na hiyo inahesabiwa kama imekaa rafuni mwaka mzima! Wanapima na ukubwa wa vitone kwa hadubini, maana kitone kikipungua upana kwa nusu, mwendo wake wa kuzama unapungua mara nne. Kwa hiyo vitone vikianza kukua wanajua mapema kwamba safari ya kukatika imeanza, hata kama kwa macho chupa bado inapendeza.

Juu ya friji pana joto mama, hamishia kabatini, na usiitie friza kwa sababu kuganda nako kunaikata. Halafu kitu hujaniambia, hiyo nusu chupa mlishaizimua kwa maji kwa ajili ya yule mdogo? Kama ndiyo, hata ikitikisika vizuri usiitumie, ukiongeza maji unazimua na kile kinachozuia vijidudu visiote humo, chukua mpya.