Kukata mkia wa fremu ya CG125

Kwa aliyeuliza akate wapi fremu ya pikipiki ya Honda CG125 ili ikae siti fupi ya kafe-resa (mtindo wa pikipiki za mbio za zamani): kata nyuma ya vishikio vya juu vya shokapu, ubakize sentimita kadhaa za bomba. Usivuke kwenda mbele yake hata kidogo.

Kabla ya kushika grenda, toa springi za shokapu zote mbili (tumia kibanio, zina nguvu sana), rudisha shokapu bila springi, kisha nyanyua gurudumu mpaka zigote. Hapo ndipo utaona tairi linafika wapi. Wengi hupima pikipiki ikiwa imesimama tu, halafu kwenye shimo la kwanza tairi linasaga siti na nyaya za taa.

Bomba jipya la mkia utakaloliunga liwe na kipenyo kilekile cha bomba la fremu. Ndani ya kila kiungo chomeka kipande cha chuma chenye urefu wa milimita 60 hivi, nusu kila upande, toboa bomba matundu mawili pembeni mwa kiungo na uyajaze weldi pia. Kiungo cha ncha kwa ncha peke yake hupasuka kwa mtetemo. Betri na CDI (kifaa cha umeme cha kuwasha cheche za plagi) vitoke kabla ya kuchomelea.