Jibu: Kukata rufaa ya talaka na matunzo

Pole sana dada. Umeuliza kama bado unaweza kupinga hukumu ya Mahakama ya Wilaya iliyovunja ndoa, ikakupa matunzo kidogo na kukunyima nyumba kwa kuwa "hukuwa na kazi". Unaweza, ila hesabu siku leo hii. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 80, inakupa siku 45 tangu hukumu. Rufaa inasikilizwa Mahakama Kuu, lakini unaifungua kwenye mahakama ileile iliyotoa uamuzi. Omba nakala ya hukumu kwa barua, nawe ubaki na nakala iliyogongwa muhuri.

Hilo la kukosa kazi ndilo linaloniuma. Tangu mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilishasema kazi za nyumbani ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Kupika, kulea, kusimamia mafundi: kama uliyaeleza kwenye ushahidi na hakimu akayapuuza, hiyo iwe sababu yako ya kwanza ya rufaa.

Rufaa peke yake haizuii nyumba kuuzwa. Peleka pia maombi ya kusimamisha utekelezaji wa hukumu.

Kuhusu matunzo, hali ikibadilika baadaye, mfano kipato cha aliyekuwa mumeo kikipanda, unaweza kuomba mahakama irekebishe kiwango bila kukata rufaa. Wakili akikushinda gharama, tafuta msaada wa kisheria wiki hii hii. Hukumu ilisomwa tarehe ngapi?