Kukusanya Perry Rhodan Ukiwa Dar es Salaam: Fuata Duru, Usifuate Namba

Kitabu changu cha kwanza cha Perry Rhodan, mfululizo wa vijitabu vya hadithi kutoka Ujerumani, nilikikuta juu ya turubai la muuza vitabu vya mitumba katika Mtaa wa Samora, kimebanwa kati ya kitabu cha uhasibu na Biblia isiyo na jalada. Kilikuwa namba 23 ya tafsiri ya Kiingereza. Nikakilipia shilingi 2,000, nikakisoma ndani ya daladala la Mbagala, na nikashuka nikiwa sijawaelewa nusu ya watu waliotajwa humo. Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo ningependa mwenzangu unayeanza uliepuke: niliazimia kuzipata zote.

Kuzipata zote ni kuteka maji kwa pakacha. Hadithi hii ya kubuni ya safari za anga ilianza kuchapishwa Ujerumani Magharibi mwezi Septemba 1961, kijitabu kimoja kila wiki, chenye kurasa zaidi kidogo ya 60, na namba 3000 ilitoka mwaka 2019 bila mfululizo kukatika. Hata kama ungepata kila kijitabu kwa bei ya andazi, ungehitaji chumba kizima cha kuvihifadhi, na mwenye nyumba wako angekuuliza umefungua stoo lini.

Kinachowezekana ni kukusanya duru moja, yaani kundi la vijitabu vinavyofuatana kusimulia kisa kimoja kizima. Sisi tuliokua tukisoma visa vya Willy Gamba tulizoea shujaa mmoja mwenye mwandishi mmoja, Elvis Musiba, kwa hiyo ilikuwa rahisi kumfuata mwandishi. Perry Rhodan ana waandishi wengi wanaopokezana: waanzilishi walikuwa K. H. Scheer na Walter Ernsting, aliyetumia jina la Clark Darlton, na mapema wakaingia wengine kama Kurt Mahr na William Voltz. Ili wasipingane, kila mmoja hupewa muhtasari unaoeleza nini kitokee katika kijitabu chake, naye huandika kwa mkono wake. Ndiyo maana unaweza kusoma kijitabu cha Scheer kilichojaa mizinga na mitambo, kisha kinachofuata cha Darlton kikawa na utani na Gucky, yule kiumbe mwenye sura ya panya na mkia wa biva (mnyama wa majini mwenye mkia bapa), ilhali kisa ni kilekile kinaendelea. Ukichagua mwandishi mmoja tu utabaki na vipande vya nyama bila mifupa. Ukichagua duru, kwa mfano ile ya kwanza inayoanzia namba 1 hadi 49, au ile ya 200 hadi 299 ambayo wasomaji wengi wa zamani huipenda kuliko zote, utakuwa na kisa chenye mwanzo na mwisho.

Kabla hujatoa fedha, fahamu kwamba namba ya Kiingereza si namba ya Kijerumani. Tafsiri ya Marekani, iliyoanza kutolewa na Ace Books mwaka 1969, iliunganisha vijitabu viwili vya Kijerumani katika kila kimoja cha vitabu vyake vitano vya mwanzo. Mimi sikulijua hilo. Nilikuwa nimekosa namba 4 ya Kiingereza, nikamwomba binamu yangu aliyekuwa masomoni Hamburg aninunulie namba 4 ya Kijerumani, nami ningejikongoja nayo kwa kamusi. Ilipofika baada ya wiki nyingi za kulichungulia sanduku la posta, niligundua kwamba ni kisa nilichokwisha kukisoma, kwa kuwa kilikuwa nusu ya pili ya namba 2 ya Kiingereza. Hata majina hubadilika: Gucky huyohuyo, kwa Kiingereza anaitwa Pucky. Tangu siku hiyo natembea na daftari dogo lenye safu mbili, namba ya Kijerumani upande wa kushoto na ya Kiingereza upande wa kulia, na situmii kumbukumbu hata kidogo.

Jambo jingine ni chapa. Vijitabu vya zamani vilirudiwa mara kadhaa, na juu ya jalada huandikwa neno la Kijerumani Auflage likitanguliwa na tarakimu. Chapa ya kwanza ndiyo ghali. Anayetaka kusoma hana sababu ya kuilipia, na mimi duru yangu ya kwanza nimeichanganya chapa bila aibu.

Kuhusu kuhifadhi, jiji letu lina uadui na karatasi hii. Ilitengenezwa kwa mbao zilizosagwa, tena kwa gharama ndogo, na asidi iliyomo huigeuza rangi ya chai na kuifanya ikatike kama papadi. Ukiongeza joto, chumvi ya bahari na unyevu wa masika, koga huanza ndani ya wiki chache. Rafu iliyogusa ukuta ilinipotezea vitabu sita. Sasa natumia masanduku ya plastiki yenye mfuniko, yaliyoinuliwa kutoka sakafuni kwa sababu ya mchwa, na ndani naweka vile vipakiti vya kufyonza unyevu vinavyokuja na viatu vipya, ambavyo navibadilisha kila baada ya mvua. Usikitie kitabu gundi ya maji wala selotepu mgongoni. Selotepu huacha doa la kahawia lisilotoka.

Wauza vitabu wenyewe watendee vyema. Usishangilie ukiona unachokitafuta, maana bei hupanda usoni pako, lakini pia usimkandamize mtu hadi asikukumbuke kwa wema. Mzee mmoja wa pale Samora huniwekea kando chochote chenye picha ya roketi, hata kama mara nyingi huwa ni kitabu cha fizikia cha kidato cha nne. Vilivyojirudia usiviuze upesi, kwa sababu mkusanyaji mwenzako hukubali kubadilishana kuliko kutoa fedha. Ile namba 4 ya Kijerumani niliyoiagiza kwa makosa nilibadilishana na mwalimu mmoja wa Upanga, akanipa namba 31 na 32, na sasa kwenye safu ya kushoto ya daftari langu yamebaki mapengo matatu.