Jibu: Vifaa nafuu vya kurekodi kifafa kwa panya

Ndugu, umeuliza kama maabara yenye bajeti ndogo inaweza kurekodi kifafa kwa panya bila mitambo ya bei ghali. Inaweza. Anza na Open Ephys, mfumo wa kurekodi umeme wa ubongo: michoro ya bodi iko wazi, programu ni ya bure, na inatumia chipu za kampuni ya Intan zinazokuza na kusoma ishara za ubongo; chipu moja aina ya RHD2132 ina chaneli 32, yaani inasoma ishara 32 kwa pamoja.

Ila usikimbilie sampuli (vipimo vya ishara) 30,000 kwa sekunde. 2,000 zinatosha, na bado utaona mawimbi ya kasi ya hadi Hz 500. Piga hesabu: chaneli 4, baiti 2 kwa kila sampuli, ni kama GB 1.4 kwa siku. Kwa 30,000 ni karibu GB 21. Na panya waliopewa asidi ya kainiki, kemikali ya kuwasababishia kifafa, hurekodiwa usiku na mchana kwa wiki kadhaa!

Video ni lazima, ioanishwe na EEG, yaani rekodi ya umeme wa ubongo. Programu ya Bonsai, nayo ya bure, inaifanya kazi hiyo vizuri. Bila picha, panya anayetafuna au kujikuna anaweza kukudanganya kabisa kwenye mawimbi. Pasipofaa kubana pesa ni kiungo cha kebo kinachozunguka juu ya kizimba: kebo ikijisokota, mnyama anaumia na elektrodi zinang'oka.