Kwa mnaoanza kukagua pembe za ndovu zilizochongwa

Nyie mnaokuja kujitolea kwenye makumbusho za hapa Bagamoyo, au mnaosoma mambo ya kale na mmepangiwa mafunzo kwa vitendo huku, ipo siku mtawekewa mezani kipande cha pembe ya ndovu kilichochongwa, labda kikuku labda kisanamu, na aliyekileta ataanza na hadithi. Ni ya babu, ilikuja na msafara, ina miaka mia mbili. Msikilizeni kwa heshima, andikeni alichosema, halafu hiyo karatasi ifungeni kwanza, maana ukishaamini kabla hujashika lensi macho yatakutafutia kile unachotaka kukiona.

Ila kabla ya lensi kuna sheria, na hapa naomba mnisikilize sana wadogo zangu. Pembe ya ndovu kwetu ni nyara ya serikali, na kuwa nayo bila kibali ni kosa zito chini ya Sheria ya Wanyamapori ya 2009, hata mtu akiapa kwamba ni ya ukoo. Kwahiyo usikubali kuitwa nyumbani kwa mtu ukaitazame, usiibebe kwenye begi, na bei usimtajie mtu yeyote. Ikaguliwe ofisini, mkuu wako akijua na watu wa maliasili wakijua. Biashara ya kimataifa ilifungwa kwa uamuzi wa 1989 wa CITES, ule mkataba wa mataifa kuhusu biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, Tanzania ikiwa mojawapo ya nchi zilizoomba, na tangu hapo mtu mwenye pembe mpya ana sababu ya kuizeesha ionekane ya zamani. Na nyuma ya pembe mpya kuna ndovu aliyeuawa.

Sasa kazi yenyewe. Anza kujua kama ni pembe kweli. Tafuta sehemu iliyokatwa ikavuka pembe, chini ya kitako mara nyingi, uangalie na lensi ya kukuza mara kumi. Pembe ya ndovu ina mistari miwili miwili inayokatana kama wavu, inaitwa mistari ya Schreger, na karibu na ganda la nje inakatana kwa kona butu, wastani wake unapita nyuzi 100. Wastani ukiwa chini ya hapo fikiria mamothi, jamaa wa ndovu aliyekwisha kutoweka, yule wa barafu za Siberia ambaye pembe zake bado zinauzwa. Jino la kiboko halina huo wavu, lina mistari myembamba iliyobanana inayozunguka. Mfupa una vidoti vidogo vyeusi au vimichirizi, ni njia za damu hizo, na mfupa ndio unaopewa jina la pembe mara nyingi kuliko vyote, hata kwenye vile vipande vilivyopachikwa kwenye viti vya enzi vya pwani. Plastiki nayo mistari yake imenyooka mno na haikatani, wakati mwingine unakuta kiputo cha hewa au mshono wa kalibu, na ukiimulika na tochi ya yuvii gizani pembe inang'aa buluu nyeupe wakati plastiki nyingi zinabaki zimefifia. Ule mtindo wa kuchoma na sindano ya moto kusikia harufu msiufanye, unaacha tundu ambalo halitoki tena.

Umri ndio wenye kazi kubwa, na hapa lazima mtenganishe vitu viwili ambavyo watu wanavichanganya kila siku, umri wa pembe na umri wa nakshi. Maabara wakipima kaboni 14 wanakwambia pembe iliota lini. Majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 yaliongeza sana kaboni 14 hewani, ikaingia kwenye majani na kwa ndovu, kwahiyo pembe iliyoota baada ya hapo inajulikana vizuri tu. Lakini ukirudi nyuma, kati ya kama 1650 na 1950 jibu linakuja pana sana, laweza kuangukia karne mbili tofauti. Pia pembe inaota kutokea kwenye taya, ncha ndio kongwe kuliko shina, kwahiyo andika sampuli imetoka upande gani. Na hata jibu likiwa zuri, pembe ghafi ya zamani inaweza kukaa stoo miaka na miaka ikaja kuchongwa juzi.

Ndio maana mimi naamini nyufa kuliko rangi. Angalia ufa unapokutana na mstari wa mchongaji. Mstari ukikatwa na ufa safi, pande mbili zikilingana, basi mstari ulitangulia na ufa ukaja baadaye. Ukikuta kingo za ufa zimemeguka hapo kisu kilipopita, au mchongo umepinda kuukwepa, pembe ilikuwa imeshapasuka wakati inachongwa, na hilo ni jambo kubwa liandike juu kabisa. Tazama na ndani ya mikato, uso ukiwa wa kahawia na mkato mweupe jiulize. Rangi yenyewe inatengenezwa kwa chai, kahawa, moshi, pamanganeti, na rangi ya kupaka inajikusanya kwenye nyufa, na kwingine kote inaenea sawasawa. Kitu kilichotumika hakiko hivyo, upande wa mwanga umepauka, upande wa giza una umanjano, na palipozoea kushikwa pameng'aa. Tundu la kamba ndilo nalipenda zaidi, kamba inakula upande mmoja, ule inaponing'inia, na kingo zinalainika taratibu kuelekea ndani. Tundu la drili ya umeme limenyooka, duara kamili, na aliyelizeesha kwa msasa kalainisha pande zote.

Halafu hili la "imetoka Bagamoyo". Ni kweli pembe zilifika hapa kwa mabega ya wapagazi kutoka Tabora na Ujiji karne ya 19, zikavuka Unguja kwenda Bombay, London na Marekani kuwa funguo za piano na mipira ya biliadi, lakini nyingi zilipita zikiwa ghafi. Pwani tulichonga pia, siwa ya Pate, lile baragumu kubwa la pembe ya ndovu, ni ushahidi, ila pembe kupita mjini hakutwambii nani aliichonga. Visanamu vya kichwa kikubwa na macho ya duara vinavyoletwa kama vya kwetu mara nyingi vinafuata mtindo wa Walega wa mashariki ya Kongo, waliovitumia kwenye chama cha Bwami na kuvipaka mafuta mpaka vikawa vya kahawia, na nakala zake ni nyingi mno sokoni.

Kwenye kadi andikeni sehemu tatu mbalimbali, nilichoona, nilichoambiwa, ninachokisia, na tarehe iwe kati ya mwaka fulani na fulani pamoja na sababu. Kisha kitu kikae mbali na jua na feni, kifutwe kwa brashi laini kavu, maji hapana kwasababu pembe inavimba na kupasuka, na msikifunge na rababendi, inaacha doa lisilotoka.